Usiku wa Kuamkia Ijumaa

Tutaruka saa tatu kamili, saa za Maskati.
Kazungu, huko Doha itakuwa saa mbili:
usituache tena kwenye njia ya kurukia,
ndege nne zikiunguruma kama majenereta ya arusi,
nawe ndiyo kwanza unatafuta chaja.

Ndege ni ndogo, ya rafadha moja.
Hamduni, nimekusikia. Jeti lako lina mbio,
lakini mwenye mbio huuona mlima
kama ukuta wa jirani: kapita, basi.
Fundo mia na kumi, asizidishe mtu.
Tunakwenda kutazama, hatukimbizi mgonjwa.

Tukitoka Sib tunaipa bahari mgongo.
Fanja, kisha bonde la Sumail,
barabara ya Nizwa chini yetu
kama uzi ulioponyoka tunduni mwa sindano.
Anzeni kupanda mapema, hewa ya moto haibebi,
ndege hupanda kwa kubembelezwa.
Ghaniya alijibamiza hapo mwezi wa Rajabu,
tukabaki angani tunazunguka kama kunguru
mpaka alipofufuka Sib, akaanza upya,
anacheka, analaani.
Zahori, wewe utatusomea futi.

Birkat al-Mauz. Hapa nisikilizeni.
Chini kuna kizuizi cha polisi.
Gari isiyovuta kwa magurudumu manne haipandi.
Mwaka juzi nilifika na Korola yangu,
mama kakaa mbele, kapakata chupa ya kahawa
na halua ya kuwapelekea watu asiowajua.
Askari, kijana mpole, akainama
akachungulia uvungu wa gari
kama daktari anayetazama koo,
akasema, samahani, mama yangu,
hii kupanda itapanda, kushuka ndiyo kazi.
Tukageuza.
Halua tuliila Izki, kwenye kituo cha mafuta,
hatukusemezana.

Safari hii tutakipita kizuizi kwa futi elfu nane
na hapana wa kuinama kutazama magurudumu.

Baada ya uwanda wa Saiq
kuna vijiji vimening'inia ukingoni.
Shirayja ndicho ninachokitaka.
Bibi alitoka hapo binti wa miaka kumi na minne,
kaburi lake liko Wete.
Mama hakuachiwa ila maneno:
falaji, komamanga,
ngazi ya mawe iliyomvunja mjomba mguu.
Tutazunguka mara mbili, bawa la kulia limelala.
Msiniulize kwa nini kulia.

Najua mtakachosema. Juzi usiku nilikwenda peke yangu.
Nyumba ni picha iliyopakwa juu ya jabali,
makonde ya mawaridi yamelainika
kama kipande cha sabuni kilichokaa majini,
na mnara wa msikiti umegeuzwa mti.
Nikamwambia mama mapema, asije akavunjika moyo.
Akauliza, "Na jua, wamelichwesha upande wake?"
Nikasema, hilo wamelipatia.
"Basi weka Aprili. Saa kumi na mbili kasorobo."

Kwa hiyo nje iwe usiku, iwe mvua, iwe vyovyote,
ndani ya mitambo yetu sote ni Aprili,
saa kumi na mbili kasorobo, mawingu hakuna.
Mawaridi hayatakuwapo. Nimemwambia hilo pia.
Akasema hata yeye hajawahi kuyaona,
hatajua kilichopungua.

Kutoka hapo, magharibi hadi Jabal Shams.
Hamduni, ukitaka kuzama katika Wadi Ghul, zama,
mwenye macho haambiwi tazama.
Sisi tutapita juu, futi elfu kumi na moja,
tushukie Rustaq, Nakhal, nyumbani.
Atakayepotea asitafute wenzake,
aifuate pwani.

Leo ni Jumanne tu,
na mama keshaleta kiti cha jikoni
kakiweka kuliani kwangu, karibu na kioo,
kaketi, kakijaribu, kasogea kidogo mbele.
Ameniuliza kama kuna mkanda.
Nimempa kamba ya kanga ya kuanikia nguo, ndefu mno,
anaipima kiunoni, anaikunja mara mbili.